Mgeni Asiyekunywa Maji ya Ubani

Saa nane kasoro dakika kumi mchana. Naitaja saa kwa sababu nilikuwa ndiyo kwanza nimeitia ufunguo saa ya ukutani, na kwa sababu najua kwamba ukimaliza kunisikiliza utauliza kama nilikuwa nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa wima, ufunguo wa saa mkononi, ndipo hodi ikapigwa. Mimi si mtu wa habari za majini. Nimefanya kazi ya stoo miaka mingi, na stoo haikufundishi kuamini usichokishika. Lakini jambo hili lilitokea ndani ya nyumba yangu ya Ngamiani, Tanga, mchana kweupe, katika miaka ile ya hamsini.

Kwanza nikwambie kwa nini tulikuwa na samaki ndani ya nyumba, maana hata majirani walidhani nimepungukiwa na akili.

Mke wangu, Mwanaidi, alijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia. Tulioana sote tukiwa watu wazima, na yule ndiye tuliyekuwa tumemngoja. Baada ya kumzika, Mwanaidi alilala akauelekea ukuta. Ukimuuliza alijibu, ukimlisha alikula, basi. Mama yake alikuja kutoka Pangani, akamuuguza mpaka akachoka, akarudi kwake. Mimi nilikuwa natoka asubuhi kwa baiskeli kwenda shamba la mkonge, nilikokuwa mtunza stoo, na jioni nikifika nyumbani nilikuwa naogopa kufungua mlango. Nadhani unajua nilichokuwa nakiogopa.

Ikatokea Mzungu mmoja wa pale shambani anahama, vyombo vyake vikanadiwa. Wenzangu walinunua vitanda na taa. Mimi nilinunua sanduku la kioo la kufugia samaki, pamoja na kitabu chake. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi, kwa hiyo kitabu nilikisoma taratibu, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha nikaenda Mto Zigi na kipande cha chandarua, nikarudi na perege wadogo kumi na wawili ndani ya debe.

Sanduku nililiweka upande ule ule wa ukuta aliokuwa akiutazama. Sikumwambia kitu. Kesho yake nilimkuta ameketi. Siku iliyofuata aliniuliza, "Huyu mwenye doa mkiani, mbona anawaonea wenzake?" Niamini, nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Tangu hapo akawa anaamka. Akataka kuwahudumia yeye mwenyewe, nami nikamwachia. Akawa anachota maji, anayamimina polepole kwa kata, anawaambia maneno nisiyoyasikia.

Haikupita muda wakaanza kufa.

Walikufa kwa namna moja. Samaki alipanda juu, akawa anahema kwenye uso wa maji kama anayetafuta hewa, akalala ubavu, na asubuhi ukamkuta anaelea. Mwanaidi alimfunga kila mmoja kwa kipande cha bafta nyeupe na kumzika uani, kando ya ukuta. Kila baada ya maziko alirudi kitandani, na kila safari alikawia zaidi kuamka. Mara moja nilimsikia akisema peke yake, "Kila ninachokishika mimi." Hakumaliza.

Jirani yetu Bi Tatu, aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani mwake, mkabala na mlango wetu, aliniita. "Bwana Stoo, samaki wa wenzio huliwa. Wewe unawafanyia matanga?"

"Ungejua, Bi Tatu, usingecheka."

"Najua, baba. Ndiyo maana nacheka. Nikilia mimi, nyinyi mtafanya nini?"

Nikaanza kutafuta sababu, moja baada ya moja, kama unavyotafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli. Nilipunguza chakula, maana Mwanaidi alikuwa akiwapa wali kama watu. Wakafa. Nilitundika kanga dirishani wasipigwe na jua. Wakafa. Nilikwangua gundi iliyoshikisha vioo vya sanduku, nikihofia ina sumu, nikaweka lami safi. Wakafa. Kitabu kilisema maji machafu huua, basi nikamwomba abadilishe maji mara kwa mara, na kadiri alivyobadilisha ndivyo walivyozidi kufa. Ungekuwa wewe ungewaza nini? Mimi niliwaza kwamba nimewatoa mtoni bila ruhusa ya mwenyewe, ingawa sikujua mwenyewe ni nani.

Akabaki mmoja. Naye alikuwa hali kitu, kidevu kimemvimba, kinywa amekifumba. Kitabu kilitaja maradhi ya kinywa yasiyo na dawa. Siku ile ya hodi ilikuwa Jumapili, sikwenda kazini, nami nilikuwa nimeazimia nimtoe wakati Mwanaidi amelala, nimrudishe mtoni akafie huko, asimwone. Nilichoogopa hakikuwa kifo cha samaki. Nilijua kabisa kwamba akizikwa huyu wa mwisho, mke wangu hataamka tena kitandani.

Nikafungua mlango. Alisimama mwanamke amevaa kaniki, na kaniki ile ilikuwa inachuruzika maji. Nje jua lilikuwa kali na mvua hatukuwa tumeiona kwa muda mrefu. Sasa sikiliza. Kwa kawaida mtu ukimtazama unajua kama ni wewe wa kumwamkia au ni yeye. Huyu nilimwona ni msichana, na kabla sijapepesa jicho nikamwona ni mkubwa kuliko mama yangu. Naye akawa ananingoja.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimepita, nina kiu."

Kabla sijamjibu, Mwanaidi alikwisha kuamka. Mgeni ni mgeni. Alifunika kichwa kwa kanga, akaenda kwenye mtungi mkubwa uliokuwa pembeni ya chumba, akachota kata ya maji, akampa kwa mikono miwili. Mgeni aliisogeza puani, akairudisha.

"Haya siyanywi. Yana moshi."

"Ni ubani tu, bibi," Mwanaidi akasema. "Nimeufukiza mtungi. Ndiyo heshima ya mgeni kwetu."

Na kweli ndiyo. Kwetu pwani mtungi wa maji ya kunywa huinamishwa juu ya chetezo chenye makaa na ubani, ukajaa moshi, kisha ukatiwa maji, yakawa na harufu nzuri. Mama yake Mwanaidi alifanya hivyo, na bibi yake pia.

"Heshima nimeiona," mgeni alisema. "Ila mimi moshi hunikaba."

Akapita hadi kwenye sanduku la kioo. Akatia mkono majini, na yule perege, ambaye mimi kila nikimkaribia alijificha, akaja akatulia kiganjani mwake.

"Na hawa umewapa maji ya mtungi huo huo?"

Nilimwona Mwanaidi akielewa. Nami nikaelewa wakati ule ule. Alichukua maji bora kuliko yote ya nyumba yetu akawapa samaki, na kila nilipomwambia abadilishe, aliufukiza mtungi upya. Kitabu hakikuwa na neno juu ya ubani. Aliyekiandika hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani atakayempokea samaki kama mgeni.

"Basi nimewaua mimi," Mwanaidi akasema.

"Uliwakirimu. Wao hawajui ubani ni nini, na wewe hukujua kuwa hawajui."

"Nimewaua."

"Haya, hao niachie mimi, nitawalilia mimi." Mgeni alisema hivyo bila kumtazama, macho yake kwa samaki. "Lakini yule wako, hukumpa moshi. Hukumpa chochote kibaya. Hakukaa tu. Wapo wasiokaa, na si kwa mkono wa mtu."

Hatukuwa tumemwambia habari za mtoto. Mwanaidi alikaa chini pale pale sakafuni, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya maziko. Nilitaka kumwendea, lakini nilitanguliwa. Mgeni alimwekea mkono kichwani mpaka alipotulia. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na huyu usimtoe, bwana. Haumwi. Amefumba kinywa kwa kuwa kimejaa." Na mimi nia yangu ya kumtoa sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Akaniuliza kama hatuna maji ya bomba. Uani kulikuwa na debe nililolijaza asubuhi, nikamletea na kikombe. Kikombe hakukigusa. Alilinyanyua debe kama unavyonyanyua bilauri, akanywa, na hakupumzika mpaka lilipokwisha. Debe zima la galani nne. Alilirudisha chini, nikalitazama, halikuwa na tone. Nikatazama sakafu alipokuwa amesimama na kaniki ile inayochuruzika. Nayo ilikuwa kavu.

"Ahsanteni," akasema, akatoka.

Nilihesabu moja, mbili, nikamfuata. Mtaa wetu umenyooka na hauna kichochoro karibu. Hapakuwa na mtu ila Bi Tatu na kikaango chake.

"Bi Tatu, yule mama kaelekea wapi?"

"Mama gani? Mimi nimekuona wewe unafungua mlango, unaamkia jua. Nikasema bwana huyu, vitabu vimemzidi."

Niliporudi ndani Mwanaidi alikuwa amekwisha kuleta maji mengine ya bomba. Tuliyaacha wazi yalale mpaka kesho yake, tukasafisha sanduku, tukamhamisha samaki wetu. Mimi, kwa mazoea yangu, nilitaka kupata hakika: nikamate perege wengine, nusu niwatie maji ya ubani na nusu ya bomba, nione. Mwanaidi alinitazama tu. Nikaona haya, sikulitaja tena.

Wiki iliyofuata aliniita kwa sauti iliyonifanya niangushe baiskeli mlangoni. Maji yalikuwa yamejaa vitoto, vidogo kama punje za mtama, vina macho tu. Nikagonga kioo kwa kidole. Mama yao akafungua kinywa na wote wakaingia ndani, mara moja, kama watoto wanaokimbilia nyumbani mvua ikianza. Alikuwa amewabeba kinywani siku zote zile, katika maji yale, akakaa na njaa asije akawameza. Aliwezaje kuishi mpaka siku ile? Sijui mpaka leo. Mwanaidi aliweka paji la uso kwenye kioo, akacheka. Nilikuwa nimesahau mlio wa kicheko chake.

Hatukupata mtoto mwingine. Nakwambia wazi, usije ukangojea hilo. Wale wadogo walipokua tuliwarudisha Zigi pamoja na mama yao, Mwanaidi amekaa nyuma ya baiskeli, debe mapajani, ananifokea kila nilipopita shimo. Alirudi kuwa mtu, na hilo lilinitosha.

Mimi ndiye niliyebakiwa na alama. Tangu mchana ule maji ya ubani siyawezi. Nikiyatia kinywani koo hufunga, navuta hewa kama wale samaki. Nimejaribu kwa watu mbalimbali, bila kujua kama mtungi umefukizwa, na koo halijakosea hata mara moja. Na yapo majira ya kiangazi tunaamka tukakuta debe la uani limekauka kabisa, na ardhi chini yake kavu. Nililikagua, halivuji. Mwanaidi husema, "Amepita," akaenda kulijaza.

Kwa hiyo wewe unayeanza kufuga samaki, wakianza kufa usikimbilie kumwaga maji. Uliza kwanza yametoka katika chombo gani, na chombo kile kilifanyiwa nini, hata kama kilifanyiwa kwa mapenzi. Na mtu aliyelowa akikubishia hodi katikati ya jua kali, mwamkie wewe, mpe maji matupu kadiri atakavyo. Ukimhesabia galani kama nilivyomhesabia mimi, usije ukalalamika kwamba hukuonywa.

Mwanaidi yuko uani, ananiita nikale. Nafunga hesabu kama mtu wa stoo: samaki kumi na mmoja siwezi kuwawekea bei. Sanduku, kitabu, chandarua, na bafta ya kuzikia, hasara yote ilikuwa shilingi ishirini na mbili.