"Nukta ikilala inakuwa mstari": tuisheni ya Utemini iliyotaka kumpoteza mdogo wangu

Wakuu, habari zenu. Sogeeni mnisikilize kidogo. Hiki ni kisa cha nyumbani kwetu Utemini, Singida, na sitakitia chumvi kwa sababu chenyewe kinatosha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yalijaa sabuni za rangi zote, mitumba ilimwagwa kila kona, na kila aliyekuwa na ubao na chaki akafungua tuisheni.

Mmoja wao tulimwita Bwana Mkato. Alitokea machimbo ya Sekenke. Dhahabu ilipomkataa, akaja mjini kuchimba vichwa vya watoto wetu.

Mdogo wangu Mwanaidi alikuwa darasa la saba. Baba, mwenye duka la sukari na mchele, alishasema: asipochaguliwa sekondari, anakwenda Issuna kwa shangazi kuuza nyanya gengeni. Na baba hakuwa mtu wa kurudia neno. Basi Mwanaidi akapelekwa kwa Bwana Mkato.

Jioni moja nikamkuta analia juu ya kazi ya shule. "Badili 2.5 kuwa sehemu." Yeye kaandika 2/5, mwalimu wa shule kaipiga X.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Mwalimu wa tuisheni, dada. Nukta ikilala inakuwa mstari."

Nikamwomba arudie. Akarudia kwa tuni kabisa, maana kule waliiimba. Yaani jamaa kaichukua nukta, kailaza, kaivuta, kapata mstari wa sehemu. Elimu imeisha, watoto waende nyumbani.

"Sasa mteja akitaka kilo mbili na nusu za sukari, utampimia 2/5? Hiyo haifiki hata nusu kilo."

Akaacha kulia. "Atatutukana."

"Na atakuwa na haki."

Nilikuwa nimemaliza form four, nasubiri majibu, muda ninao. Nikamketisha.

Nikamwambia, hilo neno nukta ndilo linalokufichia maana. Ukisema "sifuri nukta mbili tano" umetaja tarakimu tu, hujasema ni kitu gani. Nafasi ya kwanza baada ya nukta ni ya sehemu za kumi, ya pili ni ya sehemu za mia. Kwa hiyo 0.25 ni ishirini na tano za mia. Sehemu umeshaitamka, iandike: 25/100. Gawanya juu na chini kwa 25, unapata 1/4.

Akaitazama. "Kumbe ni robo? Jiwe la robo la dukani?"

"Ndilo hilo hilo."

Ile 2.5 akaimaliza mwenyewe: mbili na tano za kumi, yaani mbili na nusu.

Kesho yake nikamsindikiza tuisheni. Nilisimama mlangoni tu, mengine aliyafanya yeye.

"Shikamoo mwalimu. Naomba utubadilishie 0.5."

Bwana Mkato akailaza nukta yake: 0/5.

"Mwalimu, sifuri ukigawa kwa tano ni sifuri. Kwa hiyo nusu ni hakuna?"

Darasa likaangua kicheko. Bwana akafuta ubao taratibu. "Hiyo hawaulizi kwenye mtihani."

Waliuliza, wakuu. Mwanaidi akachaguliwa, shangazi wa Issuna akatafuta msaidizi mwingine.

Lakini wapo walioendelea kuimba mpaka siku ya mtihani. Hao ndio wananiuma hadi leo. Hawakuwa wajinga, walidanganywa kwa tuni.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi mtoto wa jirani kaniletea 0.6 kaandika 0/6, eti kaitoa kwenye video. Bwana Mkato hafi, anabadilisha ubao tu.

Nilichojifunza: njia ya mkato isiyokueleza kwa nini ni kelele. Kama nawe ulipitia kwa mtu wa aina hii, mtaje hapa tumjue. Na kama mwanao amekwama, uliza bila aibu, nitaeleza hata mara kumi.

Ila kwanza mwite mtoto, mwandikie 0.75, mwambie aisome bila kutumia neno nukta, kisha aandike alichokisema.