Kesi ya Mbuzi, kutoka Kasulu hadi Stafford

Sababu ya safari ile ilikuwa moja tu: nilitaka kuoa. Esperansi, binti wa Kirundi niliyekutana naye kwenye kwaya ya kanisa hapa Dallas, alinipa habari kwamba baba yake, Mzee Nestori, yuko tayari kupokea posa nyumbani kwao Stafford, karibu na Houston, mradi nije na mtu mzima wa ukoo wangu awe mshenga. Mtu mzima wa ukoo wangu katika Texas nzima alikuwa mmoja, naye alikuwa mgeni: Baba mdogo Filibeti, aliyekuja kunitembelea kutoka Kasulu na koti lake jeusi la mahakamani. Maskini mimi, nilijiona nina bahati.

Baba mdogo alikuwa wakili huko mpakani na Burundi kwa miaka mingi, akawa diwani kipindi kimoja, na tangu hapo hajibu mpaka umwite Mheshimiwa.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Carrollton. Esperansi alikuwa ametangulia siku mbili kabla. Baba mdogo alikaa mbele, koti magotini, akauliza mkwe wangu mtarajiwa ni nani.

"Ni Mzee Nestori. Aliishi kambi ya wakimbizi huko kwetu Kigoma kabla ya kuletwa Marekani."

"Kambini akina Nestori walijaa tele," akasema, akahamia kwenye habari anayoipenda zaidi, yaani yeye mwenyewe.

Saa moja na nusu, Corsicana. Hapo ndipo alipofika kwenye mwanzo wa kazi yake. Kesi nyingi za mpakani zilikuwa za baraza la kata, na barazani mawakili hawaruhusiwi, anaruhusiwa ndugu tu wa kumsemea mtu. Hiyo haikumsumbua. "Nilikuwa ndugu wa kila aliyeniletea kuku," alisema. "Asubuhi ni mjomba wa huyu, mchana ni shemeji wa yule. Mwenyekiti wa baraza alikuwa anajua, lakini na yeye nilikuwa binamu yake."

Nilicheka mpaka nikapitiliza njia ya kutokea kwenda kituo cha mafuta. "Baba mdogo, nime-miss exit kwa ajili yako."

"Endelea tu. Bado sijashinda udiwani."

Udiwani aliushinda karibu na Centerville na kuupoteza maili chache mbele, kwa hila za wapinzani, na kwa sababu daraja aliloahidi lilijengwa mahali pasipo na mto. Hilo la daraja nilikuwa nalijua tangu utotoni. Alilipita haraka.

Saa tatu na nusu, Huntsville. Kando ya barabara kuu limesimama sanamu jeupe la mwanasiasa wa kale, refu kupita miti. Nikamweleza kwamba na huyo alikuwa wakili wa mpakani kabla ya kutawala. Baba mdogo akaamuru tusimame. Akavaa koti, akapigwa picha chini ya sanamu, mkono kiunoni. "Mwenzangu huyu," alisema. "Mimi Kasulu sina hata kibao cha mtaa."

Nikamwonea huruma. Ndipo nikafanya kosa la pili, la kwanza likiwa kumleta: nikamwomba anisimulie kesi aliyojivunia kuliko zote. Akanipa kesi ya mbuzi: mbuzi jike aliyedaiwa kula mahindi ya mteja wake, na donge la udongo mkavu lenye alama ya kwato alilolibeba barazani kama ushahidi. Mteja akapewa mbuzi, akamchinja kumshukuru wakili wake. "Supu ile naikumbuka mpaka leo," akasema, akalamba midomo.

Saa tano na robo tulifika Stafford. Sebule ilikuwa imejaa wazee wa Kirundi, kuna rozari ukutani, soda mezani, na harufu ya ndizi za maharage kutoka jikoni. Mzee Nestori, mtu mwembamba anayefanya kazi kwenye ghala la vyakula, alitukaribisha vizuri. Baba mdogo akawasalimu kwa Kiha, wakafurahi, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mambo yalianza kuwa matamu.

Mshenga akiambiwa ajitambulishe, hutaja jina na ukoo, akaketi. Diwani mstaafu haketi. Baba mdogo alisimama na koti lake akaanza na kuzaliwa kwake. Nilimvuta shati mara mbili. Alipofika kwenye donge la udongo, Mzee Nestori aliweka soda chini. Alipofika kwenye supu, mzee aliinua mkono kumkatiza.

"Mbuzi huyo," Mzee Nestori akauliza polepole, "alikuwa mweupe, sikio moja jeusi?"

"Ego, ndiyo huyo!" Baba mdogo akajibu kwa furaha. "Umeisikia kesi yangu?"

"Mbuzi alikuwa wangu."

Esperansi alichungulia kutoka jikoni, macho yamemtoka. "Babe, ume-bring aliyekula mbuzi wetu?"

Niliona harusi yangu ikitoka mlangoni.

"Kwato za mbuzi wote zinafanana, Mheshimiwa," Mzee Nestori akaendelea. "Sikujitetea kwa sababu nilikuwa nimetoka kambini bila kibali. Ningefungua mdomo, ningekamatwa. Na yule alikuwa mbuzi wa maziwa. Huyu Esperansi alikuwa hajaanza kutembea."

Nilimtazama Baba mdogo nikiomba asikate rufaa. Ana majibu ya kila kitu, na nilimwona akilitafuta moja. Kisha akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti.

"Nilijua huna kibali," akasema. "Ndiyo maana nilishinda. Nisamehe."

Sijawahi kumsikia akitamka neno hilo, wala kwa marehemu baba yangu. Nililia, sikuona haya.

Mzee Nestori alinong'onezana na wazee wake muda mrefu. Kisha akatoa hukumu: posa imepokelewa, ila mtoto wetu wa kwanza akizaliwa, maziwa ya mbuzi yataletwa na Baba mdogo mwenyewe, kwa mkono wake. "Ulizoea kuwa ndugu wa kila mtu," alimwambia. "Sasa utakuwa ndugu kweli, uone kazi yake."

Siku ya pili tulirudi. Huntsville Baba mdogo hakutaka kusimama. Nilidhani ana huzuni, kumbe anatazama malisho ya kando ya barabara. "Punguza mwendo," aliniambia karibu na Centerville. "Yule wa nyuma ana kiwele kizuri." Aliwakagua mbuzi wa Texas mpaka Corsicana, na hakunisimulia kesi hata moja.

Kwa wanaojiandaa kuoa, nilichojifunza ni hiki: ukimchagua mshenga, usimuulize ameshinda kesi ngapi. Muulize aliowashinda wanaishi wapi siku hizi.