Aliyetafutwa Naye Atafute

Jumatatu nilikuwa ofisi ya chifu, upande wa Kajiado, nikingoja barua yangu igongwe muhuri, nikamsikia mchungaji mmoja wa mbuzi akimshtaki kijana wa mjini Kitengela. Jumamosi kijana huyo alipanda kilima peke yake, akapotea. Mchungaji aliacha mbuzi malishoni, akamtafuta mpaka akampata. Aliporudi, mbuzi wawili hawakuwepo.

"Lakini mzee, kuokoa mtu ni utu," kijana alisema, mkono kifuani. "Utu haulipishwi."

"Kukuokoa ni bure. Mimi nataka zile mbuzi."

Kijana akatoa simu atume pesa. Mchungaji akaifunika kwa kiganja. "Hizo mbuzi ni za mama yangu. Anazijua kwa sura. Twende tuzitafute."

"Mzee, mimi sijui kutafuta mbuzi."

"Hata mimi sikuwa najua kutafuta watu wa Kitengela."

Chifu aliinamia karatasi zake, mabega yakitikisika.

Kila mpanda mlima akipotea, tunabishana mitandaoni kama alipishwe gharama za kuokolewa. Mimi nasema alipe, tena alipe kwa miguu yake. Ukishatuma pesa, unarudi nyumbani ukijiona shujaa, na aliyepoteza siku yake kwa ajili yako anabaki anahangaika peke yake.

Mchungaji na kijana walitoka pamoja. Nje, kijana akasimama, akingoja kuongozwa. Mchungaji akamwonyesha njia kwa fimbo.

"Pita mbele," akamwambia. "Mimi natembeanga nyuma, nione nani anataka kupotea."