Klachi Iliyoungua Nyuma ya Matarumbeta

Mdogo wangu aliniomba gari siku nane kabla ya harusi yake, na asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimeshajua kwamba klachi imekwisha. Naanzia hapo, maana miaka yote hii nimekuwa nikianzia mahali pengine.

Lilikuwa gari la spoti, jekundu, milango miwili, gia za mkono, limeshushwa melini Kurasini likiwa limeshachoshwa na wengine. Mtaani kwetu Temeke nilijisifu kwamba halijawahi kufunguliwa hata nati. Kumbe wiki kadhaa lilikuwa linanisemesha. Nikipanda daraja la Kigamboni na gia ya nne, nikikanyaga mafuta, injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unapanda, gari lenyewe haliongezi mwendo. Pedali ya klachi nayo ikawa inashika juu kabisa, mguu ukikaribia kutoka. Asubuhi ile nikalipima uani: gia ya tatu, handibreki juu, nikaachia klachi. Gari lenye klachi nzima hapo huzimika. Langu likaendelea kuunguruma, halina habari.

Nilipaswa kumwambia. Lakini kwetu ukiombwa gari la harusi ukajibu kwamba ni bovu, umenyima. Hakuna anayesikia kingine. Na kulikuwa na sababu chafu zaidi: sikutaka kutamka kwa mdomo wangu kwamba gari langu limechoka. Nikampa funguo. Nikamwambia, "Liendeshe taratibu tu."

Taratibu! Ujinga ulioje. Klachi iliyolika huimalizi kwa mbio, unaimaliza kwa kujikongoja. Na harusi zetu zinakwenda nyuma ya matarumbeta: pikapu ya wapigaji mbele, shangazi na binamu wanacheza katikati ya barabara, bwana harusi anasogea hatua mbili, anasimama. Viti vya maana vilikuwa viwili tu, kwa hiyo aliendesha mwenyewe, bibi harusi pembeni yake, mguu haubanduki kwenye klachi tangu Mbagala. Mimi nilikuwa gari la tatu nyuma yao. Nikaisikia harufu ya klachi inayoungua kabla hata moshi haujaonekana. Nikapandisha kioo.

Likafia barabarani. Injini inawaka, gia zinaingia, gari halisogei. Bibi harusi akateremshwa na shela lake, akapakiwa kwenye bajaji, na wanawake wa kwao wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kesho yake mama alituita barazani. Mama yetu hakuwa na mchezo na mali ya mtu. "Kaka yako kakupa gari zima, wee umemrudishia jeneza," akamwambia. "Muombe radhi."

Mdogo wangu, mkewe wa jana akimtazama, akapiga magoti. "Nisamehe, kaka. Mie sikujua kuliendesha."

"Nimekusamehe," nikasema, kwa sauti nzito ya muungwana. Nimejaribu kuisahau sauti ile, haisahauliki. Najichukia kwa hiyo sauti kuliko kwa uongo wenyewe.

Jumatatu fundi akashusha gia boksi, akaniita. Pleti ya klachi ilikuwa imelika mpaka riveti zimetokeza na kuchimba chuma inachosuguana nacho. "Hii si kazi ya siku moja, bosi," akasema. Nikamjibu kwa ukali kwamba nimemwita afunge klachi, sikumwita atoe hukumu. Akafunga.

Gari likapona, likauzwa. Mdogo wangu hakugusa tena usukani wa mtu. Na mama, kila palipokuwa na kitu cha kukabidhi, alikikabidhi kwangu: funguo za nyumba, hati ya kiwanja cha Kimbiji, hata mipango ya mazishi yake mwenyewe. "Wewe utaharibu," alimwambia mdogo wangu, mbele ya watoto wake. Nilikuwa nakaa palepale, kikombe cha chai mkononi, nakubali. Mama alifariki mwaka juzi akiamini hivyo.

Mwezi uliopita tulikwenda Kimbiji sisi wawili kufyeka kile kiwanja. Sijui kilichonisukuma, pengine ni kumwona na mvi zake, ameinama, anafanya kazi kwenye ardhi ambayo karatasi zake hajawahi kuzishika. Nikamwambia yote, tangu daraja la Kigamboni mpaka kioo nilichokipandisha.

Hakusimamisha panga. "Najua, kaka. Jumatatu ile nilipita gereji kumsaidia fundi. Akanionyesha pleti."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nikakuvunjie heshima kwa mama? Mie nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

"Ndiyo nimesema."

Hapo ndipo alipoinuka, akanitazama. "Nilitaka mama aliyenipigisha magoti asikie," akasema. Kisha akainama, akaendelea kufyeka.