Mama Eliza Hakuwa Tela

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya kiangazi ambayo hunirudia nikiwa nimekaa tu, hata sijaiita. Naikumbuka kwa ukungu wake kwanza. Ulilala juu ya mashamba ya zamani ya mkonge pale Kimamba kama maziwa yaliyomwagika, na milingoti ya mkonge imechomoza humo kama watu wanaosubiri treni. Katikati ya ukungu ilikaa ndege nyeupe, nyembamba, isiyo na injini. Usicheke. Mimi nilicheka, nikauliza injini imeuzwa kwa nani. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kununua na kuuza vyuma chakavu, na swali kama hilo lilinijia lenyewe.

Mwenye ndege alikuwa Mama Eliza, mwalimu wa fizikia, mtu wa milimani Ukaguru, aliyejifunza kuirusha alipokwenda kusoma ng'ambo. Ndege ya namna ile hupandishwa kama tiara. Waya mrefu wa chuma unafungwa kwenye ndege, na mwisho wa uwanja winchi inauvuta kwa kasi, unajiviringa kwenye ngoma yake ya chuma. Ndege ikishafika juu, rubani anauachia waya, anabaki kuelea na upepo wa joto. Winchi ndiyo aliyonituma nimtafutie. Na kwa kuwa niliwahi kuendesha winchi ya kukwamua matela ya miwa kule Ruhembe, akanipa na kazi ya kuiendesha.

Nilimletea mbili. Mteja mwenye kitu kimoja mbele yake atakwambia anakwenda kufikiria.

Ya kwanza ilikuwa lori kuukuu la hapo hapo Kimamba, la gia za mkono. Tuliinua matairi ya nyuma, tukafunga moja lisizunguke, ngoma tukaiweka upande wa pili. Difu, ile gia ya kati ya matairi ya nyuma, ina tabia hiyo: ukizuia upande mmoja, mwenzake anazunguka mara mbili. Nililikagua jambo hilo, nikalikagua tena, nikafurahi kama mtu aliyepewa nyongeza bila kuiomba. Ya pili ilikuwa gari la kifahari lililofia Mikumi kando ya barabara kuu, la gia otomatiki. Humo hakuna klachi ya kukanyaga; nguvu ya injini inapita kwanza kwenye mafuta ndipo ifike kwenye gia. Niliidharau.

"Mama, hii ni ya kwendea harusini," nilimwambia. "Lori ndilo lenye mkono."

Hakubishana. Alitafuta toroli, akaweka juu yake beseni la maji, akaniambia nilivute kwa kila winchi. Kwa lori, nilipoachia klachi, toroli lilikuja na beseni likabaki. Kwa otomatiki maji yalicheza ukingoni, basi. Ila katikati ya njia ilijibadilishia gia yenyewe, na maji yakaruka.

"Unaona, nayo ina kasoro!" nikasema, kwa furaha isiyonihusu.

"Ina kasoro inayozuilika," akajibu. "Tutaifunga kwenye gia moja, isijiamulie."

Tatizo ni kwamba otomatiki ilihitaji rejeta ya kupoza yale mafuta ya gia, na rejeta ilikuwa bado Mikumi. Na mama mzazi wa Mama Eliza alikwishashuka kutoka milimani. Bibi yule macho yalianza kufunga giza, na alitaka kumwona mwanawe angani angali anaona. Basi nikambembeleza Mama Eliza: turuke na lori, bibi asiondoke bure. Akatazama milima, akamtazama mama yake kwenye kiti, akakubali.

Ukungu ulipoanza kupungua, ishara alitoa bibi mwenyewe kwa kupunga kanga. Nikavuta. Ndege ikatoka kwenye ukungu kama inayoota, ikainua pua, na waya ukakaza. Lori likaguna. Mguu wangu ukafanya ulichozoea Ruhembe: kamba ikikaza, ongeza moto. Nikaongeza.

Pa! Kwenye waya kuna kipande cha chuma laini kinachowekwa makusudi kikatike kabla ndege haijavunjika. Kilikatika Mama Eliza akiwa juu ya miti kidogo tu. Alishusha pua, akateleza hewani bila sauti, akatua karibu na nilipo, bawa likalala kwenye majani. Akatoka, akajipangusa, akanijia.

"Shikamoo," nikasema, ingawa nilikwishampa asubuhi.

"Marahaba. Omari, ulikuwa unavuta nini?"

"Ndege, mama."

"Ulikuwa unakwamua tela. Mimi si tela. Tela likiwa zito kwenye waya, limekwama. Mimi nikiwa mzito, napanda. Hapo ndipo upunguze."

Akaenda kukagua bawa.

Rejeta ilipofika tuliifunga kwenye otomatiki, tukajaribu tena jua likiwa juu. Kabla ya kuruka, bibi aliletwa kwa bodaboda mpaka kwenye winchi, amekaa upande, kanga mkononi.

"Wewe ndiye wa kamba?"

"Ndimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nimezaa mmoja tu. Ukimwona anapanda utafanya nini?"

"Nitalegeza mguu."

"Sema tena."

"Nitalegeza mguu, bibi."

"Haya. Mimi nililegeza akiwa binti wa shule, na sikuwa na rejeta." Akampiga dereva begani, wakarudi upande wa ndege.

Kanga ikapungwa. Nikakanyaga kama ninayegusa yai, waya ukainuka kwenye majani, ndege ikafuata. Ilipoanza kuwa nzito nililegeza, na kadiri nilivyolegeza ndivyo ilivyokwenda juu, mpaka ikawa uzi mweupe tu. Kisha waya ukaachiwa, ukashuka na mwavuli wake mdogo wa kushukia, taratibu kama ua. Nikazima injini. Ukimya ule bado ninao.

Nilipofika alipo bibi, alikuwa ameinua kidole juu ya bonde la Mkondoa. "Yule pale," alisema. Aliyekuwa akimnyooshea kidole ni mwewe. Lakini mwewe na ndege walikuwa wakizunguka pamoja kwenye upepo uleule, kwa hiyo sikuona cha kusahihisha.

Sasa na wewe, mwanangu, una mdogo wako unamsomesha, kesho utakuwa na mtoto, keshokutwa na mtu chini yako kazini. Ukimhisi amekuwa mzito mkononi, usikimbilie kuongeza nguvu. Tazama kwanza: amekwama, au anapanda? Aliyekwama mkwamue. Anayepanda mlegezee, bila kumwacha.

Mungu akupe mguu mwepesi na waya usiokatika. Na siku mtu wako atakapoachia, akujalie moyo wa kuzima injini na kutazama juu.