Nguvu Niliyoongeza kwenye Gari la Maziwa

Zima kwanza injini, mwanangu, tusikilizane. Inanguruma hapo nje tangu umalize chai, na masikio yangu siku hizi hayabebi sauti mbili kwa pamoja. Mama yako amenipigia simu kuhusu hilo gari. Anasema kesho kutwa unalipeleka kwa kijana mwenye kompyuta ndogo, akuongezee nguvu na apunguze dizeli inayoliwa. Anasema pia umeshaamua. Basi usidhani nimekuita hapa mtaani kwangu Iftin ili nikukataze. Kukataza watu kumenichosha. Nitakusimulia tu yaliyonipata, kisha utaamua mara ya pili.

Ndevu zangu zilikuwa hazijaonja hina wakati huo. Nilikuwa na pikapu ya dizeli, yenye turbo na kompyuta kama hii yako, na kazi yangu ilikuwa moja: kubeba maziwa ya ngamia kutoka Kotile hadi hapa Garissa. Nilikuwa nafika Kotile wanawake wakiwa bado kwenye swala ya alfajiri. Wakimaliza, wanaleta madumu yao yaliyofukizwa moshi ili maziwa yasiharibike upesi, na kila dumu limefungwa kitambaa kwenye mkono wake ili mwenyewe alijue: kipande cha shuka kuukuu, utepe wa shela, kitambaa cha kanga. Mimi niliyajua yote. Kitambaa cha kijani kilikuwa cha shangazi yangu, dada ya baba, Eddo Habiba. Yeye ndiye aliyewashawishi wanawake wenzake waache kumpa kila dereva anayepita, wanipe mimi peke yangu. Unaelewa maana yake? Maziwa ya ngamia hayasubiri. Yakichelewa juani yanageuka, na soko likishanunua kwa mwingine asubuhi hiyo, kesho linaanza kwake. Wanawake wale walikuwa wameweka riziki yao nyuma ya gari langu kwa sababu ya neno la Eddo.

Sasa, kiangazi kile gari likaanza kuchoka. Kuna sehemu ya mchanga baada tu ya kutoka Kotile. Zamani nilikuwa naipita na gia ya tatu, nikajikuta naipita na ya pili, kisha na ya kwanza. Dizeli nayo ikawa inakwisha mapema. Dereva mmoja mwenye pikapu mpya alikuwa akinipita hapo karibu kila siku, akitoa kichwa dirishani.

"Waryaa, shuka ulichape fimbo! Hilo lako ni la kufuga!"

Hata sokoni akina mama wauzaji walilipata neno hilo. Nikifika, mmoja anamwambia mwenzake, "Mifugo imefika." Wanacheka, na mimi nacheka nao, lakini ndani linauma. Ujana ni hivyo. Mtu anaweza kuvumilia njaa, asivumilie kuchekwa na watu wanne.

Ndipo nikasikia kuna kijana amekuja kutoka Nairobi, anafungua magari nguvu. Wenyewe wanaita rimapu. Nilimkuta kwenye kivuli cha gereji moja hapa mjini, mpole, mwenye maneno mazuri.

"Mkubwa, hii gari imefungwa," aliniambia. "Kampuni iliificha nguvu ndani ya kompyuta. Mimi naifungulia tu. Itakimbia, na mafuta itakunywa kidogo."

"Kidogo kweli?"

"Walahi utakuja kunishukuru."

Hakufungua boneti, mwanangu. Nataka ulishike hilo. Alikaa kwenye kiti changu, akachomeka waya chini ya usukani, akabonyeza-bonyeza kwa muda ambao mtu angekunywa chai vikombe viwili, akasema tayari. Tukalijaribu kwenye lami, gari tupu, mpaka karibu na daraja la Tana na kurudi. Sikudanganyi: liliruka. Ukigusa aksela, mgongo unabandikwa kwenye kiti. Nikacheka kama mtoto. Nikarudi nyumbani bila kumuuliza swali hata moja.

Asubuhi iliyofuata Eddo Habiba alikuwa anakuja mjini, akapanda mbele pamoja nami. Eddo alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mikono migumu. Katika ujana wake, familia ikihama, yeye ndiye aliyekuwa akipakia ngamia, mikeka na miti ya nyumba na watoto juu yake, kama wanawake wetu walivyofanya siku zote. Alisikia injini ikinguruma, akanitazama.

"Umelifanya nini?"

"Nimeliongezea nguvu, Eddo."

"Lilikuwa linaumwa nini?"

"Haliumwi. Lilikuwa dhaifu tu."

"Mnyama aliye dhaifu tu mimi sijawahi kumwona. Nimeona mwenye kupe. Nimeona mwenye kidonda chini ya matandiko. Nimeona mwenye kiu. Dhaifu tu, hapana."

"Eddo, hili ni chuma."

"Haya," alisema, akajifunga mkanda.

Mchanga ule tuliupita na gia ya tatu. Nilimtazama Eddo ili aone. Alikuwa akitazama kioo cha pembeni. "Moshi wako mweusi," aliniambia. Nikasema ni nguvu hiyo. Baadaye akaniuliza ule mshale unaopanda ni wa nini. Nikautazama, ukawa umepita katikati. Ni joto la injini, nikamwambia, siku yenyewe ni ya joto. Akasema, "Simama basi lipumzike." Nami nikamjibu jibu ambalo nimelijutia mpaka leo: "Nikisimama, maziwa yataharibika."

Kwa sababu ya kuogopa maziwa yasiharibike, nikaendelea kukanyaga. Nguvu ilikuwepo, mwanangu, hilo ndilo lililonidanganya. Zamani gari likichoka lilikuwa linaniambia kwa kugoma. Sasa lilikuwa linaumia na bado linakimbia. Kisha ikasikika sauti kama filimbi, kisha mlio mmoja mzito, mvuke ukatoka pande zote za boneti, na tukasimama katikati ya mahali pasipo na mti wa kutosha watu wawili.

Eddo aliteremka. Hakunifokea, laiti angenifokea. Alingoja mvuke uishe, akasogea.

"Hili gari linapumulia wapi?"

Nikamwonyesha sanduku la chujio la hewa, lile mafundi wanaloliita eya klina.

"Fungua nione pua yake."

Nikafungua vibanio. Nilipolivuta lile chujio, vumbi likamwagika kama unga, likafunika kandambili zake. Chujio lenyewe lilikuwa limegeuka udongo. Nilikuwa sijalifungua tangu kiangazi kianze, na njia ile unaijua, unafuata vumbi la mwenzako kutoka mwanzo hadi mwisho.

Eddo alikung'uta mguu mmoja, akakung'uta wa pili. "Kwa hiyo alikuwa amezibwa pua," alisema polepole, "na wewe ukatafuta mtu wa kumchapa."

Tulikaa pale mpaka jua likawa juu ya vichwa. Yule dereva mwenye pikapu mpya alikuwa ametangulia zamani. Wakapita wachungaji na mbuzi wao, na Eddo akawaita. Akaanza na dumu lake, lile la kitambaa cha kijani, akawamiminia wanywe. Yaliyobaki yalikuwa yameanza kugeuka. Mengine tungeyauza kama susa, maziwa yaliyochachuka, lakini susa ya madumu mawili ina wanunuzi, susa ya gari zima haina. Waliokuwa wanapita wote walikunywa siku hiyo, na wakatuombea dua, na kila dua ilinizidishia uzito.

Gari lilivutwa hadi mjini. Fundi alilifungua kichwa, akanionyesha gasketi iliyoungua na mapanga ya turbo yaliyolika kama kijiko kilichokwangua sufuria miaka mingi. Lakini kazi ngumu haikuwa hiyo. Eddo alinioshesha madumu yote, akaniambia nirudi nayo Kotile, nyumba kwa nyumba, kila dumu kwa mwenye kitambaa chake, na kila mlango niseme kwa mdomo wangu nini kimetokea. Nisiseme gari limeharibika. Niseme sikusafisha chujio, nikaongeza nguvu, nikaambiwa nisimame nikakataa. Nilisema hivyo kila mlango. Kwenye milango ya mwisho sauti ilikuwa imekauka. Bibi mmoja alipokea dumu lake, akalinusa, akasema, "Umelisafisha vizuri. Ungeanzia kwenye gari."

Gari lilipopona, likiwa limerudishiwa maagizo ya zamani kwenye kompyuta yake, nilifika Kotile alfajiri kama kawaida. Madumu yote yalikuwa yanapakiwa kwa yule dereva mwenye pikapu mpya. Eddo Habiba peke yake alikuja upande wangu. Aliweka dumu moja, lenye kitambaa cha kijani, katikati ya pikapu tupu, akalifunga kamba lisianguke. Nilisafiri na dumu lile moja hadi Garissa, na kesho yake tena moja, na mvua za gu, yaani za masika, zikaja zikaisha, bado moja. Ndipo siku moja likaongezeka la pili. Yote hayakurudi kamwe. Eddo ametangulia mbele ya haki, Allah amrehemu, na mimi hadi leo nikisikia dumu likigongagonga nyuma ya gari tupu, nachoka ghafla.

Sasa tuje kwenye swali lako, maana najua unangoja jibu na hukuja kusikiliza habari za maziwa.

Je, rimapu inaongeza nguvu? Kwenye injini ya dizeli yenye turbo, ndiyo, inaongeza. Yule kijana hakunidanganya kwa hilo. Ndani ya kompyuta kuna maagizo: dizeli kiasi gani, wakati gani, turbo isukume hewa kiasi gani. Ukibadilisha maagizo, injini inatoa zaidi. Isiyo na turbo haipati kitu cha maana. Lakini waliotengeneza gari hawakuacha ile nafasi kwa uchoyo. Waliiacha kwa ajili ya siku ya joto kama la kwetu, dizeli ya mapipa ambayo hujui imepita wapi, mzigo uliozidi, na dereva aliyesahau chujio. Ukiitumia nafasi hiyo kila siku, siku hizo zikija hazitakukuta na kitu. Klachi nayo ilipimwa kwa nguvu ya zamani, na turbo vilevile.

Je, inapunguza mafuta? Hapo sikiliza taratibu. Gari zima, lisilo na ugonjwa, likiwa kwenye lami iliyonyooka na mzigo mwepesi, na mguu wako ukabaki vilevile, huenda ukaona nafuu ndogo. Lakini niambie wewe mwenyewe, ni nani anayetafuta nguvu ili asiitumie? Mimi siku ile ya kwanza nilikanyaga mpaka darajani na kurudi. Kwenye mchanga na mzigo, nguvu inatoka kwenye dizeli, hakuna pengine pa kutoka. Na dizeli bila hewa ni kama kuni ulizojaza kwenye jiko lililozibwa: hupati moto zaidi, unapata moshi, na joto linakwenda mahali pasipotakiwa.

Kwa hiyo sisemi ni uongo, wala sisemi yule kijana ni mwizi. Wapo wanaoijua kazi hiyo vizuri. Utawatambua: anaanza kwa kufungua boneti, anakuuliza unabeba nini na unapita njia gani, anapima gari kabla na baada, na anahifadhi maagizo ya zamani ili uweze kuyarudia. Akikwambia gari lako haliko tayari, huyo mshike mkono umshukuru. Akikaa moja kwa moja kwenye kiti chako na waya wake, mnunulie soda, muage.

Mama yako anasema hili gari linapoteza nguvu tangu mwezi uliopita. Mwezi uliopita, mwanangu, ndipo ulipoanza kubeba wanafunzi wa chuo kwenye ile njia ya vumbi. Kila asubuhi watoto wa watu wanakaa nyuma yako. Kabla hujaizima niliisikiliza injini yako, inahema kama aliyezibwa pua, na sikutaka kulisema kwanza kwa sababu kijana akiambiwa mapema huwa anajibu kabla hajasikia.

Allah akupe gari lenye afya na mguu wenye subira, akufikishe na uliowabeba, na asikupe kamwe safari ya kurudisha madumu mlango kwa mlango.

Fimbo yangu iache hapo, nitainuka mwenyewe. Wewe nenda ukafungue boneti. Toa chujio la hewa, ligonge kwenye kiganja chako. Likitoa vumbi, nunua jipya leo, jaza tangi mpaka juu, andika kwenye kikaratasi kilomita zilizoonyeshwa, uendeshe wiki mbili bila kubadilisha kitu kingine. Kisha jaza tena, andika lita zilizoingia na kilomita ulizokwenda, uje na hicho kikaratasi, tukisome pamoja.