Marungu ya Mjakaranda

Mbao mbichi ya mjakaranda ina harufu ya uchachu kidogo, kama makapi ya miwa yaliyoachwa juani, na mimi nikiinusa tu, popote nilipo, narudi mtaani Shauri Moyo nilikokulia. Wiki jana ilinijia nikiwa nimeketi kibarazani kwangu huku mtaa wa Fedha, nikisoma kitabu kinene cha msomi mmoja kuhusu miaka ile ya kwanza ya vyama vingi. Jirani alikuwa akikata tawi la mjakaranda lililoegemea ukuta wake. Nikafunga kitabu, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kukichoka. Kurasa kwa kurasa ni wakubwa wanaohama chama hiki kwenda kile, na sisi tuliokuwa tukiishi miaka hiyo hatumo, ila pale anapotuita "umati". Umati! Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la tano, nina jina langu Mwende, na nina baba.

Baba yangu alikuwa mchongaji. Alitoka Ukambani akiwa kijana, na kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya nyumba zetu za kanjo, yaani za baraza la jiji, upande wa kuendea soko la Gikomba. Msimu ninaousimulia ulikuwa wa mvua za vuli. Mama alikuwa amekwenda nyumbani kupanda pamoja na wadogo zangu, mimi nikabaki na Baba kwa sababu ya shule. Basi kila nikitoka darasani nilipitia maktaba ya mtaa, nikaazima kitabu, nikaenda kumsomea akiwa kazini. Yeye alisoma kidogo tu utotoni, lakini kusikiliza alikupenda, na alikuwa msikilizaji mkorofi. Hadithi ikimtaja fundi aliyejenga jumba la mfalme kwa usiku mmoja, tezo, kile kishoka chake cha kuchongea, lilisimama hewani. "Huyo aliyeandika hajawahi kuota malengelenge," alisema. "Haya, endelea."

Jambo moja lilijulikana mtaani kote: kazi ya Baba haipasuki. Mjakaranda ni mti laini wenye maji mengi, na ukichonga twiga leo ukamwacha kwenye jua, kesho ana ufa kuanzia shingoni hadi mkiani. Baba alivifukia vinyago vyake ndani ya magunia ya maranda, yale mabaki ya kuchonga, akaviweka gizani, akavigeuzageuza kwa majuma kama mtu anayeuguza mgonjwa. Wenzake waliokuwa na haraka hawakuwa na subira hiyo. Wao nyufa zikitokea walizijaza nta iliyochanganywa na unga wa mbao, wakapaka rangi nyeusi ya viatu juu yake, wakasugua mpaka zikang'aa, na mtalii akaondoka akidhani kabeba mpingo. Baba aliwacheka sana. Alisema hiyo ni kazi ya mtu anayeuza huku akikimbia.

Mwisho wa safu yetu ya nyumba palikuwa na mjakaranda mkubwa. Msimu huo wa mvua ulikuwa ukichanua, na njia yote iligeuka zambarau. Chini yake aliuza mboga Mama Njoki, jirani yetu wa mlango kwa mlango, mtu wa Murang'a, na kila asubuhi alipangusa maua kwenye sukuma wiki zake akiyalaani kwa Kikuyu. Juu kabisa aliishi mwewe aliyekuwa adui wa watoto wote, maana ukitembea na andazi mkononi alikuwa akishuka, na andazi huna. Kitabu kingine nilichosoma majuzi, cha miti ya jiji, kinasema mjakaranda si wa kwetu, uliletwa kutoka ng'ambo ya bahari. Nilicheka peke yangu. Shauri Moyo ile, nani hakuwa amekuja kutoka mahali?

Mama Njoki ndiye aliyenisuka nywele Mama alipokuwa hayupo. Alinibana kichwa katikati ya magoti yake, akanivuta hadi machozi yakanitoka, huku akinieleza siasa. Yeye na watu wake walikuwa upande wa upinzani na hawakuficha. Baba hakuwa upande wowote. Alisema mchongaji ni wa wote. Lakini msimu ule ulikuwa mbaya kwake, mbao zilikuwa zimeadimika, akashinda akinoa tezo lisilo na cha kukata.

Ndipo akaja Bwana Mutinda. Huyu alikuwa mpiga debe wa mgombea udiwani wa chama kilichokuwa madarakani, naye alitoka kijiji jirani na chetu, basi akaingia kibandani akiongea Kikamba na kucheka kwa sauti. Alisema mjakaranda ule umezeeka, imeamuliwa ukatwe, na gogo lote litakuwa la Baba. Alichotaka ni marungu ya vijana watakaompokea mheshimiwa. "Kuanzia hapa hadi kwetu Wamunyu kwa wachongaji hakuna mkono kama wako," alimwambia. "Tukusaidie wewe wa nyumbani au tumpe mgeni?" Baba alikubali, nami nilifurahi, nisikudanganye. Nilijua tutakula nyama.

Mti ulianguka asubuhi tukiwa shuleni. Niliporudi mwewe alikuwa akizunguka juu ya mahali pale akilia, na Mama Njoki ameketi juani, gunia kichwani, mboga zake zimenyauka. Baba alianza kazi siku hiyohiyo. Kwa wiki nzima alichonga marungu mazuri ajabu, vichwa vya mviringo, mipini inayokaa kiganjani, na kila lililokamilika alilifukia guniani kama kawaida yake. Nilimsomea, lakini hakunikatiza tena. Nilisoma juu ya fundi aliyechonga mlango kwa kufumba macho, na Baba akaendelea kuchonga tu.

Jioni moja Mama Njoki akapiga hodi. Alichukua rungu moja, akaligeuza, akaligonga taratibu kwenye kiganja chake.

"Ni zuri," alisema. "Baba Mwende, wakati unalipima, ulilipima na kichwa cha nani?"

"Ni ya mapokezi, Mama Njoki."

"Ya kutupokea sisi. Mkutano wetu ni Jumapili pale uwanjani, na hao vijana wanajisifu waziwazi kwa kinyozi. Kwani wewe hujasikia?"

Mama Njoki alilirudisha rungu mahali pake kwa upole, akanishika kichwa akakagua kama nywele zimefumuka, akaenda zake. Niliogopa. Nilielewa kwamba kichwa alichokuwa akikisema ni chake.

Sasa hebu niambie, Baba angefanya nini? Angekataa, Mutinda angeyachukua yaliyo tayari, amalizie kwingine, na kibanda kiteketezwe kwa bahati mbaya. Angeyachoma, ingekuwa hivyohivyo, na nyumbani aitwe msaliti. Kesho yake, Jumamosi, mvua ilikatika na jua likawaka. Baba aliniambia nisisome. Alitoa marungu yote guniani, akapanda ngazi, akayaanika juu ya mabati ya kibanda mojamoja, saa sita mchana.

"Baba, yatapasuka!" nilipiga kelele.

"Nimekusikia," alisema.

Tuliketi chini ya mabati yale tukisikiliza. Yalialika, pa, pa, kama bisi kwenye sufuria, moja, kisha jingine, na kila lilipoalika Baba alikunja uso. Alasiri aliyashusha. Kisha nikamwona baba yangu akifanya kile alichowacheka wenzake maisha yake yote. Aliyeyusha nta, akaichanganya na unga wa mbao, akaziba nyufa kwa kidole, akapaka rangi nyeusi ya viatu, akasugua. Yaling'aa kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza. Mutinda alipokuja kuyachukua alimpigapiga Baba begani akasema huyu ndiye fundi.

Jumapili niliangalia nikiwa juu ya ukuta wa choo cha jumuiya. Watu wa Mama Njoki walikuwa wamesimama uwanjani wakiimba, vijana wakaja wakikimbia, marungu juu, wakaanza kwa kupiga mabati ya vibanda vya pembeni ili kutisha watu. Pigo la kwanza, kichwa cha rungu kikaruka. La pili, jingine likagawanyika katikati kama muhogo. Mtoto mmoja akacheka, wakacheka kumi, wakacheka wote, na kina mama wakapiga vigelegele. Kijana mmoja alibaki ameshika mpini mtupu akiutazama. "Niaje boss, umeleta fimbo ya kuchunga mbuzi?" wakamuuliza. Ni vigumu kumpiga mtu anayekucheka mchana kweupe, na wewe huna kitu mkononi. Waliondoka. Mama Njoki alirudi nyumbani na kichwa chake.

Mutinda alikuja kesho yake akafoka mpaka povu likamtoka. Baba aliinamisha uso akasema, "Mbao ilikuwa mbichi, na wewe ulitaka haraka." Lilikuwa neno la kweli, lakini lilisambaa mtaani upesi kuliko Baba alivyopenda. Wachongaji aliokuwa akiwacheka walipita kibandani kumsalimu kwa heshima ya uongo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema, na wenye maduka ya mjini wakaanza kuvikagua vinyago vyake kabla ya kununua, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Mama aliporudi kutoka nyumbani alikuwa ameshaisikia habari njiani, akamuuliza aliwezaje kuharibu mbao nzuri vile. Baba akamwambia hata yeye kwamba ilikuwa mbichi. Nilitaka kusimama mlangoni nipaze sauti niwaambie wote, lakini alinitazama mara moja, nikajua nisithubutu.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kama aliwahi kumweleza Mama Njoki. Alikunja uso vilevile kama siku ile chini ya mabati. "Nimweleze nini? Nilifanya kazi mbaya, Mwende. Basi." Aliona aibu, na si ya kujifanya.

Juzi nilimaliza riwaya ambayo kila mtu anaisifu, yenye shujaa anayesimama mbele ya wenye bunduki na kutoa hotuba, na wanaomwona wanalia. Mimi sikulia. Kazi yangu ni kunyoosha lugha ya wengine, na kila msimu wa kura ukikaribia huletewa hotuba za waheshimiwa, nyingine zikiwaita majirani zangu wageni na magugu. Hizo huwa nakataa kuzigusa. Nikishakataa, mimi husema hivyo hadharani, na marafiki huniandikia kwamba nina msimamo, na wateja wema huongezeka. Jina langu hung'aa kila ninapokataa. Baba hakupata hata mtu mmoja wa kumwambia ahsante, na alikufa watu wakiamini kwamba mbao ilimshinda.